Mwalimu Alipopima kwa Shubiri

Juzi, katika ukumbi wa hoteli moja ya Malindi, nilimwona babu yangu. Yaani kigango chake, ile nguzo ya kuchongwa aliyosimamishiwa baada ya kufa ili roho yake itulie nyumbani. Nilikitambua kwa bega lililoliwa na mchwa. Kilisimama ndani ya chungu cha changarawe nyeupe.

Nilipokuwa shuleni, Sanaa lilikuwa somo la kuchagua, na tuliolichagua tulikuwa wachache. Alasiri moja mwalimu wetu alitupeleka kwetu, vilimani Kaloleni, tukachore vigango. Palinuka vumbi la moto na mnazi uliochacha, ambao nyanya aliwamiminia wazee wetu chini ya nguzo.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuchora tu," mwalimu alisema.

"Marahaba. Choreni, ila msiwaguse. Waliosimama hapa hawasogezwi."

Nyanya alipoingia ndani, mwalimu alikipima cha babu kwa shubiri, urefu kisha upana, akihesabu kwa kunong'ona. Nilidhani ndivyo wachoraji wafanyavyo. Nilijivuna kwamba babu pekee ndiye aliyepimwa.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani, na mahali pa kigango cha babu nilikuta kisiki kilichokatwa kwa msumeno. Shule ilipofunguliwa, mwalimu hakurudi. Nyanya hakumtaja mtu. Aliendelea kumimina mnazi pale kwenye kisiki mpaka naye akafa.

Mhudumu wa hoteli alikuja kuniuliza nitakunywa nini. Nikaomba mnazi. Akanijibu kwa adabu kwamba hapo hawauzi. Basi nikaagiza maji, nikayamimina yote kwenye ile changarawe.