Mama wa Msaada Ugenini

Mtaani kwao walimwita Mama Vioo, maana kwa miaka thelathini alikuwa akitia picha fremu: maharusi, wahitimu, marehemu, watakatifu. Bintiye alipojifungua ng'ambo, alifunga kibanda akapanda ndege kwenda kumlea mzazi.

Wiki ya tatu, yeye na bintiye walitoka kunyoosha miguu, mjukuu kalala kwenye kigari. Mvua ikawakimbizia ndani ya kanisa. Lilikuwa tupu, linanukia nta. Mama Vioo alipita kando ya mabenchi, mara akasimama kama kagandishwa.

"We! Huyu si wa kwetu?"

Ukutani alikuwa Mama wa Msaada wa Daima: shela la buluu, nyota juu ya paji la uso, Mtoto kaushika mkono wa mamaye kwa hofu, kiatu kimoja kimechomoka kinaning'inia. Picha ileile iliyokuwa juu ya kitanda cha marehemu mama yake. Utotoni alikuwa akiuliza nani atamvalisha yule mtoto kiatu, naye akijibiwa, "Lala, mamake yupo."

Akakaa, akasali Salamu Maria kwa Kiswahili, kwa sauti, machozi yakimtiririka. Alipoyafuta, jicho la ufundi likaamka.

"Lakini aliyetia fremu hii, Mungu anamwona!"

Kioo kilikuwa kimegusana na picha, ndani kuna ukungu, na madoa meusi yalishapanda kwenye pindo la shela. Kabla bintiye hajasema kitu, Mama Vioo alishaitungua.

Mzee mtunza kanisa akaja mbio, funguo zikimlia kiunoni, anafoka.

"Mama, anasema rudisha!"

"Mwambie nimemsikia. Mwambie pia inaoza."

Akaigeuza, akaushika mkono wa mzee na kuubandika kwenye kadibodi ya nyuma. Ilikuwa chepechepe. Mzee akaipapasa tena, kisha akauliza jambo kwa upole.

"Anauliza wewe ni nani."

"Fundi."

Mzee alileta sanduku la vifaa. Mama Vioo aling'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo, akakitoa kioo taratibu, akaiacha picha ikauke kwenye meza ya sakristia, chumba cha padre kuvalia. Kesho yake mchana alirudi na vipande vyembamba vya kadibodi, akavipanga pembezoni ili kioo kisiiguse tena picha. Nyuma, kwenye pembe za chini, akagundisha vipande viwili vya kizibo cha chupa ili fremu iachane na ukuta wenye unyevu.

Mzee alipoitundika, alipiga ishara ya msalaba, akakaa akiitazama. Halafu akamwonyesha Mama Vioo kuta zote mbili: picha za Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, vyote vikiwa na vioo vyenye ukungu.

Binti akacheka. "Mama, hapo umejitakia mwenyewe."

"Mwambie nipo miezi miwili," alisema Mama Vioo, akikunja mikono ya blauzi. "Alete ngazi."