Winchi ya Natahoyo

Ugnė alifika Gijón mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, na mvua hiyo haikukatika sawasawa mpaka siku alipoondoka. Haikuwa mvua ya kishindo. Yalikuwa manyunyu membamba tu, ya kumlowesha mtu asijue ameanza kulowa saa ngapi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Kupiškis, mji mdogo wa Lithuania ulio mbali na bahari, na chuo chake cha kutunza wazee kilikuwa kimempeleka Uhispania miezi mitatu kujifunza kazi. Walikuwa waende wawili. Mwenzake akavunjika mguu wiki moja kabla ya safari, Ugnė akapanda ndege peke yake.

Kazi katika makao ya wazee aliizoea upesi: kugeuza wagonjwa, kubadilisha nepi, kulisha supu kijiko kwa kijiko. Kilichomshinda ni Jumapili. Kihispania cha shuleni kilimtosha kuuliza kama maji yamezidi moto. Kupata rafiki hakikumtosha. Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja aliyefunga mlango wake kwa ufunguo hata akienda jikoni.

Chumba namba kumi na nne alikaa Mzee Honorino, miaka themanini na sita. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande wa kushoto, lakini ulimi kilimwachia, tena mkali. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha winchi kubwa katika kiwanda cha kuunda meli mtaa wa Natahoyo. Sasa dirisha lake lilitazamana na ukuta.

"Jana ulikwenda wapi?" alimuuliza Jumatatu moja, Ugnė akimvalisha soksi.

"Nililala."

"Ulilala! Umevuka nchi zote hizo kuja kulala? Kwenu hakuna vitanda?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, mzee."

"Hapa ukingoja mvua iishe utazikwa na mwavuli mkononi. Sikiliza, binti. Mimi miguu sina, wewe akili huna. Tusaidiane. Nitakutuma, utakwenda, na ukirudi utaniambia umeona nini."

Hivyo ndivyo Ugnė alivyoujua mji. Jumapili ya kwanza alipanda kilima cha Santa Catalina, akasikiliza mawimbi yakigonga jabali chini ya nyayo zake. Ya pili alitembea kando ya ukuta wote wa ufukweni, akarudi na habari ya bibi kizee aliyekuwa akiogelea kwenye mvua, kofia ya plastiki kichwani.

"Hiyo nakubali," mzee akasema. "Mwongo angeniambia kulikuwa na jua."

Jumapili ya tatu alimtuma Natahoyo. "Kaitazame winchi yangu. Ya kijani. Kutoka kibandani kule juu nilikuwa naiona roshani ya nyumba yetu, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka relini. Maruja akining'iniza kitambaa cha meza, najua chakula kiko tayari. Marehemu mke wangu huyo. Kaitazame, halafu uje uniambie."

Ugnė akaenda. Alikuta ua wa waya, majani yaliyolowa, na sakafu ya zege inayoteremka mpaka majini. Reli za chuma zilikuwa zimekatwa. Akamuuliza mwanamume mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa.

"Winchi? Ah, zamani hizo, dada. Walizikata vipande vipande, zikawa chuma chakavu."

Jumatatu alimkuta Mzee Honorino ameshanyolewa ndevu, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anamngoja.

"Haya, sema."

Ugnė akamtazama usoni, na mdomo ukamtangulia. "Ipo, mzee."

"Kijani?"

"Kijani. Imeshika kutu kidogo."

Mzee akafumba macho. Akauliza kibanda, akapewa kibanda. Akauliza vioo, akapewa vioo, na shakwe wawili juu yake. Uongo hautembei peke yake. Huita na ndugu zake.

Mchana, mezani, mzee aliwatangazia wote. Bi Oliva wa chumba namba tisa, ambaye mwanawe alifanya kazi kiwandani hapo mpaka siku ya mwisho, akaweka kijiko chini.

"Winchi ipi, Honorino? Zilikatwa zote. Mwanangu alikuwepo, alirudi nyumbani analia. Nani kakudanganya?"

"Labda imeota tena, kama uyoga!" mtu akadakia, na meza nzima ikacheka.

Mzee aligeuza kichwa polepole mpaka akamwona Ugnė, upawa mkononi, kando ya toroli la supu.

"Binti. Ni kweli haya?"

Ugnė akaurudisha upawa ndani ya supu.

"Nilikutuma macho," mzee akasema, "ukaniletea mdomo."

Tangu siku hiyo hakumwambia neno. Akimvalisha, anatazama ukuta. Azucena, msimamizi wao, alimvuta Ugnė pembeni.

"Usijitese, mwanangu. Hapa sote tunawadanganya. Si unamwona Bi Pilar, kila alasiri anamngoja mumewe? Tunamwambia yuko njiani."

"Mzee Honorino hakuniomba nimfariji," Ugnė akasema. "Aliniomba nikamtazamie."

Jumapili iliyofuata alirudi Natahoyo, na Jumatatu akauambia mgongo wa mzee alichokiona: ua, majani, reli zilizokatwa. "Winchi haipo. Nilikuonea huruma, nikasema uongo." Mgongo haukugeuka. Hata hivyo kila Jumapili alitoka, na kila Jumatatu alisema, bila kupamba kitu. Soko la samaki limefungwa. Shakwe amekufa kwenye ngazi za ufukweni. Krismasi imepita, taa zinashushwa.

Katikati ya Januari alitafuta ile nyumba ya mtaa wa pili kutoka relini.

"Roshani ipo," alimwambia. "Kuna chungu cha maua yaliyokauka, na baiskeli ya mtoto. Kitambaa hakuna."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti.

"Baiskeli ya rangi gani?"

"Nyekundu. Tairi moja halina upepo."

Alingoja. Mzee akaendelea kutazama ukuta.

Alhamisi kifua kilimbana Mzee Honorino, gari la wagonjwa likaja kumchukua. Jumapili Ugnė hakwenda kutembea; alikwenda hospitali. Muuguzi wa mapokezi alitazama kompyuta yake, kisha akamtazama yeye.

"Amefariki alfajiri, pole. Wewe ni nani wake?"

Ugnė alitafuta neno katika Kihispania chake, akalikosa.

"Namvalisha soksi," akasema.

Jumatano chumba namba kumi na nne kilikuwa na mwenyewe mwingine, mama mmoja mpole aliyependa redio.

Wiki mbili baadaye Azucena alimwita ofisini kumsomea ripoti ya kupeleka chuoni. Ilikuwa ripoti nzuri. Iliandikwa kwamba ana mikono miepesi, anawahi kazini, ana subira na ni mkweli.

"Hilo neno la mwisho," Ugnė akasema, "naomba ulifute."

Azucena akacheka, akidhani mtoto wa watu hajui maana ya neno hilo, akaanza kumweleza taratibu, kwa maneno mepesi. Ugnė alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake pale alipoonyeshwa.