Yeye wa Luxemburg

Blandina alizaliwa Bukoba, akasomea historia Dar es Salaam, na sasa, chuoni Minneapolis, kilichomtoa jasho ni vineno viwili ambavyo watoto wa chekechea wa hapa hawakosei: “he” na “she”.

Muhula uliopita alikuwa akimsaidia Profesa Walter darasani, na wanafunzi wakalalamika kwamba hawaelewi anamsema nani. Mfalme akigeuka “she”, malkia anageuka “he”. Walter, mzee mwenye ndevu nyeupe na upole unaotisha kuliko ukali, akamtaka atoe mhadhara mmoja mbele yake na wanafunzi. Akieleweka, atapewa darasa lake mwenyewe. Asipoeleweka hakuna darasa, na bila darasa hakuna wa kumlipia ada. Atarudi Bukoba na nusu ya shahada.

Na mada aliyopewa, jamani! Luxemburg, kijinchi ambacho siasa zake zote zilizunguka swali la nani mume, nani mke.

Alifanyia mazoezi jikoni, kwenye fleti ya Saint Louis Park anayoishi na Chepkemoi, muuguzi kutoka Kericho. Chepkemoi alishika kijiko na sufuria tupu, tayari kugonga kila ulimi ukiteleza.

“The king of Holland died,” Blandina alianza. “He left one daughter, Wilhelmina. But Luxembourg did not want him...”

Ngo!

“Aki Blandina! Wilhelmina ni msichana. Umem-change tena!”

“Najua ni msichana, dada. Kichwa kinajua, ulimi ndio mkaidi.”

Siku ya mhadhara ikafika. Akabuni ujanja: hatatamka “he” wala “she”, atataja majina tu. Mfalme aliyetawala Uholanzi na Luxemburg alikufa, binti yake Wilhelmina akarithi Uholanzi. Luxemburg ilimkataa Wilhelmina, ikamchukua Adolf, ndugu wa mbali. Mwana wa Adolf akazaa mabinti sita bila mvulana, ikabidi kanuni ya kurithisha wanaume kwanza ibadilishwe. Marie-Adélaïde akatawala, vita vikamharibia, akajiuzulu. Charlotte, mdogo wake, akashika kiti, na wananchi wakapiga kura taji libaki. Blandina alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Walter akainua mkono. “Nchi mbili zilikuwa na mfalme mmoja. Kwa nini ziliachana?”

Ulimi ukachomoka. “Because he was a girl.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Blandina akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Basi, kwisha habari yake. Na kwa kuwa imekwisha, ya nini kuendelea kujificha?

“Kwetu,” akasema kwa Kiingereza, “neno ni moja tu, yeye. Mfalme ni yeye, malkia ni yeye. Wangehesabu warithi kwa Kiswahili, pengine Wilhelmina angerithi kote kuwili, na Luxemburg isingepata ukoo wake wa watawala. Walitengana kwa neno ambalo mimi nililikuta huku.”

Wanafunzi wakainama kuandika. Walter akapapasa ndevu zake, akazipapasa sana. “Uanze Jumatatu,” akasema.

Chepkemoi alimpokea mlangoni. “Alisemaje?”

“Nimepata darasa! Jumatatu!”

“Wacha! Na mzee mwenyewe, ali-enjoy?”

Kwa furaha na maringo kidogo, Blandina akajibu kwa Kiingereza: “Oh, she loved it!”

Chepkemoi alikwenda jikoni taratibu, akatafuta kijiko. Blandina akakaa kitini bila kuvua viatu, akaanza upya: “The king of Holland died...”