Kidole cha Mpishi wa Elburgon

Kinyanjui alimpikia Memsahib miaka kumi na mmoja kule Elburgon, na kisu hakikuwahi kumkata. Alijisifu kwa hilo mpaka wenzake wakachoka kumsikia. Mpishi asiye na kovu, alikuwa akisema, ni mpishi asiye na pupa.

Memsahib alikuwa mjane wa Kizungu, na ugonjwa wake ulikuwa kamera. Kila Julai, ukungu ulipoteremka kutoka msitu wa Mau na baridi ikawauma hata wanyama, pongo na mbega walikuja nyuma ya nyumba kutafuta majani ya kabeji na chumvi ya ng'ombe ambayo Kinyanjui aliwamwagia kando ya ua wa miti. Memsahib aliwapiga picha asubuhi na mapema, kupitia dirisha la stoo. Amri yake ilijulikana shamba zima: asubuhi hiyo asionekane mtu nyuma ya nyumba, awe mfanyakazi au askari homgadi, wanyama wasije wakashtuka.

Amri hiyo ndiyo iliyomponza Nyakio, mke wa Kinyanjui. Huo ulikuwa mwaka wa 1954, Hali ya Hatari imepamba moto, na kumlisha mpiganaji wa msituni kulikuwa kosa la kitanzi. Nyakio alijiambia kwamba pale wasipokanyaga homgadi ndipo penye usalama. Kuhusu kamera hakuwa na wasiwasi. Aliamini inaona kile tu inacholengewa, kama bunduki.

Jumatano moja mchana Kinyanjui alikuwa bafuni na Memsahib, dirisha limezibwa kwa blanketi na taa imefungwa kitambaa chekundu. Kazi yake ilikuwa kutikisa sinia ya dawa hadi picha itokee. Zikaja pembe, yakaja masikio, ikaja chumvi. Kisha, nyuma ya pongo, kwenye pengo la ua, akatokea Nyakio na kiondo chake. Mkono wa mwanamume ulikuwa ukikipokea. Uso wa mwanamume huyo umefichwa na majani. Ulikuwa mkono wa kushoto, na haukuwa na kidole cha mwisho.

Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa Kang'ethe, mdogo wake, aliyeliwa kidole na msumeno wa kiwanda cha mbao kabla hajaingia msituni.

Memsahib alivaa miwani, akainama.

"Hii bibi yako," akasema. "Na hii mtu nani?"

"Ni mimi, Memsahib. Alikuwa ananiletea viazi."

"Wewe nasahau amri yangu?"

"Nisamehe, Memsahib."

Memsahib alicheka. Pongo alikuwa ametoka vizuri mno, hakuwa na nafasi ya hasira. "Jumapili Inspekta nakuja chai. Mimi taonyesha yeye."

Inspekta wa polisi alikuwa na kioo cha kukuzia, na kila picha ya Memsahib aliipitia nacho kama mtu anayechambua mchele.

Kinyanjui alimkuta mkewe akimenya viazi.

"Nyakio, umetuua."

Alipomweleza, kisu kilimponyoka mama wa watu. "Lakini kamera ilikuwa imeelekezwa pongo!" akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Baba Wachuka, ni ndugu yako. Ungetaka nimwache afe na baridi hii?"

Kinyanjui aligeuka akatoka. Aliogopa, nasi tusimcheke. Mti wa kunyongea haukuwa hadithi siku zile. Alirudi jikoni, akatoa mifupa ya supu, akauweka mkono wa kushoto juu ya gogo, kidole cha mwisho kikiwa peke yake. Alikwisha kusema mkono wa pichani ni wake, na kwa hofu ile hakuwaza zaidi ya kuufananisha. Shoka aliliinua mara mbili akalishusha taratibu. Mara ya tatu hakulishusha taratibu.

Memsahib alimfunga bendeji mwenyewe, akigomba kwamba mpishi wake amezeeka.

Jumapili Inspekta alikuja. Kinyanjui alimmiminia chai kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukimpwita ndani ya bendeji. Kioo kilitoka mfukoni. Inspekta aliikodolea picha muda mrefu.

"Pembe," Inspekta akasema hatimaye. "Pembe mzuri kabisa."

Hakutazama kitu kingine. Aliipenda picha ile hata akaiomba, na Memsahib akampa kwa furaha.

Inspekta aliitundika ofisini kwake, ukutani, juu ya meza ambapo watu wa mashamba walipanga foleni kila mwezi pasi zao zigongwe mhuri. Kila mwezi Kinyanjui alisimama mbele ya pongo yule, na Nyakio, na mkono wa ndugu yake. Aliiweka pasi mezani kwa mkono wa kushoto, akavitandaza vidole vyake vinne, wavihesabu wakitaka. Hakuna aliyewahi kuvihesabu.