Jina Lisilokuwa Kwenye Jiwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nataka nikueleze yote leo, maana kesho mnampa mtoto jina. Umenipigia simu ukicheka: "Mama, huyu wa pili pia ni msichana, sasa ni zamu yako!" Najua. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili la mama ya mama yake. Kwa hivyo huyo mtoto ni mimi. Usidhani sijafurahi! Nimezunguka boma lote nikijiimbia mpaka majirani wakachungulia. Lakini keti kwanza, mnyonyeshe taratibu, unisikize.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya Elinino. Mimi nilikuwa mke mgeni hapa Kalama, nimeolewa kutoka Wamunyu, na mimba yako tumboni. Mvua ilikuwa imekula barabara pale kwenye kona ya mlima, na ilipokwisha kutengenezwa, kamati ya barabara ikaona kuwe na ukumbusho. Wakajenga nguzo ya simiti kando ya barabara, wakabandika bamba la chuma lenye maandishi, wakalifunika kwa leso. Watu wote tukaitwa, na watoto wa shule wakapangwa mstari, soksi zimejaa vumbi.

Leso ikatolewa. Mwenyekiti wa kamati akasoma kwa sauti: "Barabara hii ilichimbwa na chifu wetu mpendwa, enzi za ukoloni." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaropoka, "Asi! Kwani huyo chifu alikuwa na mikono mingapi?" Unanijua, mdomo wangu haukuanza leo. Nyanya yako Nduku, mama ya baba yako, akanifinya mkono nikanyamaza.

Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amenieleza, jioni tukipukuchua mbaazi. Barabara ile ilichimbwa na mwethya, wanawake wanaofanya kazi pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ila safari ile hawakupenda, waliamriwa. Walichimba kwa jembe na sururu, wakabeba udongo kwa karai, na aliyewaimbisha alikuwa rafiki yake mkubwa, Kalondu. Siku moja ukingo ukaporomoka pale konani, ukamfunika. Alikuwa ameolewa juzi tu, hana mtoto. Mume wake akaoa mwingine, wakahamia Yatta, na jina lake likaishia hapo.

Basi nyanya yako akaomba kusema. Mwenyekiti alidhani ni maombi, akavua kofia. Nyanya akasimama kando ya ile nguzo akaita, "Mumbua!" Kasichana fulani kakaitika kutoka mstarini, "Niko!" Watu wakacheka. Nyanya hakucheka. Akaita, "Wayua!" Wakaitika wawili, na mama mmoja akainua kitoto chake juu. "Ndunge!" Niko! "Mbithe!" Niko! Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu kila mtu alikuwa ameelewa. Alikuwa anawaita wenzake wa mwethya, waliochimba ile barabara na sasa wamelala makaburini, na waliokuwa wakiitika ni wajukuu waliopewa majina yao. Wazee wa kamati wakaanza kutazama viatu vyao.

Kisha akaita, "Kalondu!"

Watoto wakageuza shingo huku na huku.

"Kalondu!"

Hakuna aliyeitika. Nilimwona nyanya yako akiishika ile nguzo, nikaogopa ataanguka. Badala yake akageuka akanijia, akasema watu wote wakisikia: "Huyu aliye tumboni, akiwa msichana, ataitika yeye."

Watu wakaguna. Baba yako ni mtoto wake wa pekee, mwanangu. Msichana wa kwanza wa nyumba yetu alipaswa kuwa yeye, Nduku, na hakukuwa na nyumba nyingine ambayo jina lake lingeingia. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "Na jina lako je, mama?"

"Mimi niko hapa," akasema. "Nikiitwa nitaitika mwenyewe."

Njiani tukirudi nyumbani nililia. Nikamwambia, "Mwaitu," ndivyo tunavyosema mama, "na nikizaa wavulana tu baada ya huyu? Utapotea wewe!"

"Nyamaza," akanikaripia. "Siku ile tulifukua udongo kwa mikono tukimwita. Tuliita mpaka sauti zikakauka, hakuitika. Mimi nimeitwa maisha yangu yote, hata nimechoka. Yeye nataka nimsikie akiitika, hata kama ni mara moja, kabla sijafa." Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, na sikumbishia tena.

Ukazaliwa. Kila asubuhi alikuja mlangoni akaita jina lako, hata kabla shingo yako haijakaza. Nilikuwa namtania, "Mwaitu, huyu hata meno hana!" Asubuhi uliyomjibu hukusema neno lolote, ulipiga tu "ee!" kutoka kitandani. Akakaa chini palepale mlangoni akalia, na mimi nikalia, uji ukaungua.

Alitutoka ukiwa bado mdogo. Na baada yako Mungu akanipa wavulana watupu. Nawapenda, hao watundu wangu, lakini hakuna aliyebeba jina la Nduku.

Lile bamba liliibwa zamani na watu wa vyuma vikuukuu. Nguzo imebaki, mbuzi wanajikuna hapo, na ukiwauliza vijana iliandikwa nini hawajui. Lakini ukishuka pale konani na mtu akaita "Kalondu!", si unageuka?

Kwa hivyo kesho, Kalondu wangu, msimpe mtoto jina langu. Mpeni Nduku. Ongea na mume wako vizuri, na mama mkwe wako umweleze kwa heshima. Yeye jina lake lilishaingia kwa yule wa kwanza, ataelewa. Mimi bado niko, nikiitwa naitika. Na ukipita na watoto wako mahali penye jiwe la ukumbusho, msiishie kusoma. Ulizeni wenyeji ni nani walioshika majembe, na mkiambiwa, wataje kwa sauti watoto wakisikia. Usigombanie nafasi ya jina lako, mwanangu, ikiwa kuna mtu karibu nawe ambaye hana wa kumwitikia.

Mungu ayajaze maziwa yako. Amkuze huyo msichana awe na sauti kubwa, na ampe miaka mingi ya kuitwa na watu wanaompenda. Jumamosi nakuja. Nitasimama mlangoni kwako niite, "Nduku!" Hata akilia tu, nitajua ameitika.