Nilivyofanya opinion poll Guangzhou huku mgombea mwenyewe amesimama pembeni yangu

Wakuu, heshima kwenu. Nawaandikia kutoka Guangzhou, na haya nayaweka kama yalivyotokea. Mwenye kucheka acheke, mimi wakati ule sikuthubutu.

Mimi ni Mtanzania. Kazi yangu ni kuwatafutia watu viwanda vya nguo, hasa kule Kangle, mtaa ambao kila chumba kina cherehani.

Kabla ya uchaguzi wa Kenya nikapata wateja wawili kutoka kaunti moja, wamekuja kuchapisha tisheti za kampeni.

Wa kwanza aligombea useneta. Tumwite Mheshimiwa, maana ndivyo alivyotaka aitwe hata na wahudumu wa hoteli.

Wa pili ni Dada Mumbua, muuza vitenge. Yeye aligombea MCA, yaani kiti cha bunge la kaunti.

Ushindani ulikuwa mkali pande zote. Mheshimiwa akaniambia, "Kabla nichape, nataka opinion poll. Watu wa kaunti yetu wamejaa huku kununua mzigo, na watarudi kupiga kura. Waulize."

Nikasema sawa, nitazunguka Zhanxi wanakonunua viatu, maswali mawili tu: seneta nani, MCA nani.

Akasema na yeye anakuja.

"Mheshimiwa, wakikuona hawatasema ukweli."

"Nitajificha."

Wakuu, kesho yake akatokea na barakoa, miwani myeusi na kofia. Kofia yenyewe sampuli ya kiwandani, ina jina lake na neno SENETA kwa herufi kubwa!

Nikamwonyesha. Akasema barakoa inatosha.

Haya. Wa kwanza alikuwa jamaa anaitwa Kioko, amekaa juu ya mzigo wake wa raba. Namuuliza useneta anampa nani. Akaiangalia kofia, akaniangalia mimi, akairudia kofia.

"Mheshimiwa tu! Huyo ni baraka kutoka juu." Kisha akamgeukia "msaidizi" wangu: "Na wewe boss wa barakoa, ukipatana na yeye, mwambie binamu yangu anatafuta kazi."

Msaidizi akajibu, "Nitamwambia."

Ikawa hivyo kwa wote. Kuna mzee alimpigia saluti kabisa.

Nikifika swali la MCA, Mheshimiwa anakohoa ili tusonge mbele.

Tukarudi Kangle. Akamuuliza mpaka laoban, yule mama mwenye kiwanda. Mama akainua dole gumba: "You win, friend!" Halafu akanyoosha mkono kwenye marobota ya tisheti za mpinzani wa Mheshimiwa, nazo kazichapa yeye. "He also win!"



Alasiri simu yangu ikaanza kulia, maana wale wa Zhanxi niliwaachia namba. Kioko, voice note: "Kaka, lile jibu la asubuhi lifute. Huyo mtu ukimpigia hashiki simu. MCA weka Mumbua, lakini pia yeye siku hizi ameanza hiyo tabia."

Akafuata mwingine. Na mwingine. Hadi mzee wa saluti!

Nikawakalisha wateja wangu wote wawili, nikawaeleza yote bila kutaja majina.

Mheshimiwa akatikisa kichwa. "Hiyo sampuli ni mbovu. Hao wa simu hukuwaona kwa macho. Mimi niliwaona."

"Na wao walikuona, Mheshimiwa."

Hakunielewa. Akachapa tisheti za kuvisha kaunti nzima, nyingine zikapitia uwanja wa Baiyun kwa ndege, eti wananchi wasichelewe kuvaa.

Mumbua uso ulimshuka. Mwisho akasema, "Waulize kama naweza kuwapigia." Walipokubali, aliwapigia mmoja mmoja, akasikiliza malalamiko, akaomba radhi. Nilimwona ameegemea robota la kitambaa, simu sikioni, anaitikia tu, "Ni kweli. Ni kweli."

Matokeo: Mumbua alipita, kwa pengo dogo la kutia presha. Mheshimiwa aliangushwa chali.

Baadaye akanipigia. Nikajiandaa kutukanwa.

"Kaka," akasema kwa unyonge, "wale watu wa Zhanxi walinidanganya."

"Hapana, Mheshimiwa. Walikuwa wanakusalimia tu."

Akacheka mpaka akapaliwa.

Nilichojifunza wakuu: ukitaka kujua watu wanakuonaje, ondoka kwanza. Na ukiletewa jibu chungu, fanya kama Mumbua, shika simu.

Nyie mshawahi kuhojiwa na mtafiti aliyekuja na mgombea wake? Mlijibu nini? Shusheni hapa chini, sina haraka.