Mlango wa Shahidi

Ule mwaka tulikula miguu ya kuku. Sombe, yale majani ya muhogo, haikupatikana, maana wanawake wanaoitwanga na kuiuza mjini walijifungia ndani wakiogopa waandamanaji, wale wanaosema wageni tutoke. Basi bugari, ndio ugali wetu, na miguu ya kuku, kila siku, mpaka mjukuu wangu, aliyekuwa anasomea unesi, akasema, "Nyanya, sasa hata mimi nitaanza kuparua."

Katika jumuiya yetu ya sala, picha ya shahidi inatembea. Wiki hii inalala kwangu, ijayo kwa mwingine. Ni yule kijana wa nyumba ya mfalme aliyekataa kuacha kusali, wakamchoma kuanzia miguuni ili achelewe kufa. Na desturi tuliyotoka nayo Kongo ni moja: watu wakisali mbele yake, mlango haufungwi. Mwenye shida aingie.

Zamu yangu ikaangukia juma lile baya. Tunakaa Berea, mtaa wa mjini huku kwa Wazulu, ghorofa ya juu. Tulikuwa tumeanza rozari, chini tukasikia milango inapigwa. Binti yangu akashika komeo.

"Mama, leo tufunge. Huyo ni mtakatifu, atatuelewa."

"Usifunge. Shahidi iko ndani, mlango unabaki wazi."

"Wewe na shahidi wako mtatuua."

"Basi na wewe utapata picha yako ukutani."

Wakapanda, vijana wenye fimbo. Mmoja akatazama picha, akatazama sahani ya miguu ya kuku, akaniuliza kwa Kizulu kama hatuna nyama. Nikamwambia, hiyo ndiyo nyama. Wakabeba televisheni, wakashuka. Sisemi shahidi alitulinda. Labda zile ngazi ziliwachosha, kama zinavyonichosha mimi. Binti yangu hakunisemesha mpaka picha ilipohama.

Sasa sombe imerudi. Mjukuu ni nesi kamili, namtangaza hata kwenye teksi kwa watu wasioniuliza. Miguu yangu imevimba kwa miaka ya kusugua sakafu za watu kule Sydenham. Na waandamanaji wameanza tena kupita barabarani. Jumamosi picha ilirudi kwetu, na safari hii ni nesi mwenyewe aliyesimama penye komeo, mtoto wake mgongoni.

"Nyanya, tufunge tu. Tutasali kwa sauti ndogo."

Nilimwangalia yule mtoto, amelala, mdomo wazi. Nilitaka kusema sawa. Nimechoka, hata kubishana kunaniumiza magoti. Nikakaa kitini, nikamjibu:

"Usifunge. Shahidi iko ndani, mlango unabaki wazi."